Namba Iliyopakwa Mafuta ya Korosho

Karibu kila jioni, baada ya kuosha vyombo, Mwahija aliosha gari. Hiyo ilikuwa kazi yake, na hakuna aliyemwingilia. Pikapu ya buluu ya mjomba wake, Tawakali, ilirudi nyumbani Rasbura, mtaa wa mjini Lindi, ikiwa nyekundu kwa vumbi la njia ya Rutamba, nyuma kumejaa maganda ya mihogo na manyoya ya kuku wa abiria. Mwahija alianza na vioo, akaja kwenye milango, akamalizia na vibao vya namba, kimoja cha mbele na kimoja cha nyuma. Vibao ndivyo alivyovipenda zaidi. Alivisugua mpaka tarakimu zikang'aa, kisha akasimama kando kuvitazama, kama mtu anavyoitazama nguo yake ya Idi.

Mwahija alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Hakuwa mtoto wa maneno mengi. Mwalimu akimwuliza swali darasani, jibu alikuwa nalo, lakini lilimkwama kooni mpaka mwenzake akalisema. Nyumbani pia alisikiliza zaidi kuliko alivyosema.

Mwaka ule magari yaliongezeka sana Lindi. Wafanyabiashara binafsi walikuwa wameruhusiwa kununua korosho, na kila mwenye uwezo alitafuta gari, hata bovu. Polisi nao wakaweka vizuizi viwili: kimoja mahali watu wanapotoka mjini, kingine mbele, kwenye njia ya kwenda Rutamba. Gari likifika kizuizi cha kwanza, askari alisoma namba yake na kuitaja kwenye simu ya upepo. Askari wa kizuizi cha pili akajua gari gani linakuja, hata kabla hajaliona vumbi lake.

Watu hawakupendezwa. Bi Sauda, mwuza mihogo aliyepanda pikapu ya Tawakali karibu kila siku, ndiye aliyelalamika kuliko wote.

"Mimi naenda zangu kuchukua mihogo," alisema. "Wanataka kujua ninakolala, wananipikia?"

"Labda wanataka kukuoa, Bi Sauda," abiria mmoja akamtania.

"Basi walete mahari! Siyo kunichungulia bure."

Watu walicheka, lakini kicheko hakikuondoa wasiwasi. Wengine walisema ni kodi mpya inakuja. Wengine walisema wanatafutwa watu wanaohudhuria mikutano ya vyama. Kila mmoja alikuwa na lake la kusema, ila hakuna aliyekwenda kuwauliza polisi wenyewe.

Mjomba Tawakali naye alichoka. Ijumaa moja alirudi nyumbani, akajitupa kwenye kiti cha barazani na kuvua kofia, huku Bi Sauda na abiria wengine wakishusha mizigo yao.

"Gari langu limekuwa mwali," alisema. "Limetiwa unyagoni. Haliendi popote bila somo, kungwi wake, kulifuata nyuma! Laiti lingekosa namba walau siku moja, nami nikapumua."

Alisema hivyo kama watu wanavyosema wakichoka. Baadaye akala wali wake akasahau. Mwahija hakusahau. Alimpenda mjomba wake kupita kiasi, na maneno yale yalimkaa moyoni.

Jioni hiyo Mwahija alikuwa uani akikaanga korosho za kumpa bibi yake. Bibi Likwata, mama yake Tawakali, aliishi Rutamba. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, na sasa hakuweza kumtambua mtu mpaka asikie sauti. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja hospitalini Lindi, na kesho yake, Jumamosi, ilikuwa siku yao ya mwisho. Mjomba alipanga kwenda kumchukua asubuhi, na Mwahija afuatane naye ili amshike bibi mkono.

Korosho zilipoiva, chini ya bati la kukaangia palibaki mafuta ya maganda, meusi na mazito, yanayonata kama lami. Mwahija akayatazama. Akaitazama pikapu aliyotoka kuiosha. Alichovya vidole, akapaka kibao cha mbele, akapaka na cha nyuma, kisha akarushia vumbi juu yake. Tarakimu zikapotea.

"Kesho mjomba atapumua," aliwaza, akatabasamu peke yake.

Haraka ile ilimsahaulisha jambo ambalo bibi alimfundisha tangu mdogo: kabla ya kugusa maganda ya korosho, paka majivu mikononi. Mafuta yale huunguza ngozi, na hayaunguzi papo hapo. Asubuhi alipoamka, vidole vyake vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vyeusi na vinawasha kama vimepakwa pilipili. Akavificha ndani ya kanga.

Mjomba hakuzunguka gari kulitazama. Kulitazama gari ilikuwa kazi ya Mwahija, naye hakuwahi kuiharibu. Aliwasha, akampakia Bi Sauda na abiria wengine nyuma, Mwahija akakaa mbele. Wakaondoka.

Kwenye kizuizi cha kwanza alisimama Koplo Leonadi, mtu mrefu asiyependa maneno mengi. Akainama kusoma namba. Akainama tena. Akazunguka nyuma, kisha akaja dirishani.

"Habari za asubuhi, mzee. Namba yako iko wapi?"

"Nzuri, afande. Iko palepale, mbele na nyuma."

"Shuka unionyeshe."

Mjomba alishuka. Alipokiona kibao alishika kiuno kwa mshangao. Alijaribu kukifuta kwa kiganja, lakini mafuta yalikuwa yamekwisha kukauka.

"Wallahi, afande, mimi sijui jambo hili."

"Sikiliza, mzee," alisema Koplo Leonadi. "Jumatano jioni, huko barabara ya Kilwa, jirani na Kikole, pikapu ya buluu ilimgonga mtu wa baiskeli ikakimbia. Amevunjika mguu. Hakuna aliyeiwahi namba. Leo unaniletea pikapu ya buluu iliyofichwa namba. Ungekuwa wewe ndiye mimi, ungefanyaje?"

Mjomba alisema Jumatano alilala Rutamba, lakini koplo alitikisa kichwa. Bi Sauda akachungulia kutoka nyuma.

"Lakini Tawakali, si mwenyewe ulisema unatamani gari lisiwe na namba? Tumekusikia sote!"

"Bi Sauda, nakuomba nyamaza!"

"Nimesema uongo?"

Koplo alimkazia macho mjomba. "Gari hili linaoshwa na nani?"

"Na mpwa wangu huyu. Lakini huyu hana habari, afande. Huyu nikimwachia nyumba nzima nalala usingizi."

Maneno hayo yalimchoma Mwahija kuliko vidole vyake.

"Basi linakwenda kituoni," alisema koplo. "Mkuu wa kituo atarudi jioni, utamweleza yeye."

"Jioni?" Sauti ya mjomba ikabadilika. "Afande, mama yangu haoni. Amekaa barabarani Rutamba sasa hivi ananingoja. Madaktari wa macho wanaondoka leo. Akikosa leo, nitampeleka wapi?"

Koplo alinyoosha mkono kuomba ufunguo.

Mwahija alimwona bibi yake kwenye mawazo: ameketi juu ya kifurushi chake, kanga mpya, uso ameuelekeza barabarani, akisikiliza kila mngurumo wa gari. Jibu lilikuwa kooni, palepale linapokwama siku zote. Safari hii hapakuwa na mwenzake wa kulisema. Akafungua mlango akashuka.

"Shikamoo afande."

"Marahaba. Rudi ndani, mtoto."

"Ni mimi." Sauti ilikuwa ndogo, akairudia. "Ni mimi niliyepaka. Mjomba hajui."

Koplo alimgeukia Tawakali kwa hasira. "Umemfundisha mtoto kusema uongo ili akuokoe?"

Mwahija hakuwa na maneno mengine. Akatoa mkono wa kulia ndani ya kanga, akaunyoosha mbele ya askari. Ngozi ya vidole ilikuwa nyeusi na imeanza kuvimba.

Bi Sauda akaruka chini kama msichana. "Mafuta ya korosho hayo! Doa hilo nalijua, nimekua nalo. Afande, mtazame mikono Tawakali. Safi kabisa! Aliyepaka ni huyu mtoto."

Koplo alishika mikono ya mjomba, akaigeuza huku na huku. Kisha akamtazama Mwahija kwa muda. "Kwa nini ulifanya hivyo?"

"Nilitaka mjomba apumue," alisema Mwahija, machozi yakaanza kumtoka. "Alisema mnamfuata."

Bi Sauda alichukua chupa ya mafuta ya taa aliyokuwa akiipeleka Rutamba, akachana pembe ya kitambaa chake. "Haya, mama, lia huku unasugua. Bibi yako anangoja."

Walisugua kwa mafuta ya taa na mchanga mpaka tarakimu zikaanza kuonekana. Koplo Leonadi akazisoma kwenye simu ya upepo, akawauliza wenzake wa kizuizi cha pili kama wanalijua gari hilo. Simu ikakwaruza, sauti ikajibu:

"Tunalijua. Jumatano alasiri lilipita hapa kwenda Rutamba limebeba ngoma za unyago. Limerudi Alhamisi asubuhi. Kuna mmoja alikuwa anapiga ngoma humo humo garini!"

Abiria wakaangua kicheko. Hata koplo alitabasamu kidogo.

"Basi hukuwa Kikole," alimwambia mjomba. "Namba uliyoichoka ndiyo iliyokutoa hatiani."

Mjomba alipokea ufunguo wake, lakini hakuondoka mara moja. "Nashukuru, afande. Ila niulize. Hizo safari zetu mnazozitaja humo, nani mwingine anazisikia? Zinakaa wapi? Mimi nisipokuwa na kosa, kwa nini nifuatwe?"

Koplo alikuna kidevu. "Tunatafuta madereva wanaogonga na kukimbia, na wezi wa magari. Mengine sikudanganyi, siyajui yote. Kuwaeleza wananchi tulipaswa kuwaeleza, na hatukufanya. Nitamwomba mkuu aje kwenye mkutano wa mtaa. Muulizeni hapo, mbele ya watu."

"Nitakuja," alisema mjomba.

"Na mihogo yangu nitaiulizia!" alidakia Bi Sauda.

Njiani mjomba hakumgombeza Mwahija. Alimwambia tu, "Leo jioni utaosha vibao mara mbili," kisha akaongeza mwendo kidogo. Walimkuta Bibi Likwata vilevile Mwahija alivyomwona mawazoni, juu ya kifurushi chake, nao wakafika hospitalini muuguzi akiwa anaita majina ya mwisho; alasiri ileile bibi akapasuliwa jicho moja.

Kesho yake daktari wa hospitali, wale wageni wakiwa wameshaondoka, alifungua bandeji. Bibi alipepesa jicho, maji yakamtiririka, akatazama ukuta, akatazama dirisha. Kisha akaushika mkono uliokuwa umeshika wake, akausogeza karibu na uso.

"Hukupaka majivu," alisema.

Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza. Mjomba alicheka mpaka akaegemea kitanda. Mwahija naye alicheka huku analia, na kwa mara ya kwanza akasimulia jambo refu, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kukwama.

Bibi alisikiliza yote.

"Ulimpenda mjomba wako, hilo silikatai," alisema. "Lakini ulimfanyia jambo ambalo hukuthubutu kumwambia. Siku nyingine ukitaka kumsaidia mtu, na ukaona unajificha asikuone, simama hapo hapo. Msaada wa kweli hauogopi kuonekana." Akamgeukia mwanawe. "Na wewe Tawakali, uliwanung'unikia polisi nyumbani, ukaogopa kuwauliza barabarani. Mtoto akasikia manung'uniko, maswali hakuyasikia. Jambo likiwatia shaka liulizeni wazi, hata kwa mwenye bunduki. Mtoto huyu jana kasema ukweli mbele ya askari na sauti yake ndogo hii. Nyie wenye sauti kubwa mnangoja nini?"

Mjomba aliinamisha kichwa. "Nimesikia, mama. Kwenye mkutano nitauliza."

"Vizuri," alisema Bibi Likwata, akakaa sawa kitandani na kukung'uta kanga yake. "Sasa nipeni hizo korosho, nione zilivyoungua."