Upande wa Ngoma

Saa za watu kutoka kazini, kituo cha basi cha Kacyiru, Kigali, hakina mkubwa wala mdogo. Maofisa wa wizara na wafagiaji wao husukumana kwenye mlango mmoja, na wa pikipiki wanaita abiria kutoka ng'ambo. Annah alisimama pembeni, gauni la buluu limemkaa vizuri, mkoba ameukumbatia, akingoja fujo ipungue. Mara furushi la mtu mmoja likafumuka mbele yake na jezi zikamwagika kwenye lami.

Zilikuwa za zambarau, na mstari wa njano kifuani. Aliitambua rangi kabla ya kumtambua mwenyewe.

"Annah?"

"Nasiri," alijibu.

Alikuwa yuleyule, na kofia yake ya kufuma na shati jeupe, tepu ya kupimia nguo imeninginia shingoni kama kawaida ya mafundi. Waliinama wakaokota pamoja.

"Umeota mvi," Annah alisema, kwa kukosa la kusema.

"Mvi wapi! Hii ni chaki ya kushonea. Wewe ndiye umekuwa bosi, hata salamu mpaka mtu apange foleni."

Annah akacheka, kisha akajikasirikia kwa kucheka.

"Jumamosi wazee wa Inkuba wanacheza mechi ya kumbukumbu," Nasiri alisema. "Hizi nimewashonea mimi. Kesho jioni mashabiki tunakutana Biryogo kwa chai. Njoo, mpenzi... njoo, Annah."

Neno lile lilimponyoka, na wote wawili wakajifanya hawakulisikia.

Inkuba, yaani radi, ilikuwa timu ya chuo chao, na enzi zile kila chuo kiliiogopa. Annah, aliyekulia Kampala, hakujua lolote la mpira mpaka alipompenda kijana wa Biryogo, mtaa wa Waislamu, aliyekuwa akipiga ngoma jukwaani. Sasa mashabiki, bwana, ukiwapa ushindi watautafutia sababu kila mahali isipokuwa miguuni mwa wachezaji. Siku wapenzi hao walipokaa pamoja, Inkuba ilifungwa. Munyaneza, mwenyekiti wa mashabiki, akapitisha sheria palepale: Nasiri akae upande wa ngoma, Annah upande wa barabara, na hakuna kuhama timu ikiwa inaongoza. Wenyewe walicheka, wakakubali. Wakawa wanapungiana mikono kutoka mbali, timu ikawa inashinda, na mzaha ukageuka mwiko.

Siku ya fainali, Inkuba ikiongoza kwa bao moja, simu ya Annah iliita. Kaka yake Gakwaya, aliyemlea tangu wazazi wao wafariki, alikuwa amegongwa na lori kule Kinyinya. Alikuwa amekufa. Annah aliinuka akalivuka jukwaa zima, machozi yakimtoka, kumwendea mtu mmoja tu aliyemtaka saa ile. Nasiri alimwona anakuja. Akainua kijiti cha ngoma, akamwonyesha alikotoka.

"Rudi! Rudi kwako!"

Na jukwaa lote likaitikia, "Rudi! Rudi!"

Annah alirudi. Alipitiliza mpaka getini, akaenda kumzika kaka yake, kisha akarudi Kampala kwa shangazi yake, na simu za Nasiri hakupokea hata moja. Inkuba ilichukua kombe. Miaka tisa ilikuwa imepita, amesharudi Kigali na kazi nzuri anayo, na bado akisikia ngoma harusini hutoka nje.

Hata hivyo Biryogo alikwenda. Alijiambia anakwenda kwa ajili ya chai tu, ingawa alibadilisha nguo mara mbili.

"Sha, Annah! Wewe iko wapi miaka yote?" Munyaneza alimpokea kwa mikono miwili. Siku hizi ana gereji Gikondo, na kitambi kinamtangulia. Meza zilikuwa zimepangwa barabarani, chai ya tangawizi inafuka, sambusa zinapita. Wakakumbushana. Kipa aliyedaka penalti huku anatetemeka kwa malaria. Basi lililokufa njiani wakalisukuma huku wakiimba mpaka mjini. Mukandekezi, aliyekuwa na sauti kuliko wanaume wote, akaanzisha wimbo wa zamani, na wenye umri wa kuona haya wakauimba.

"Lakini kombe lile, tuseme ukweli, ni la Nasiri," Munyaneza alisema, akipiga meza. "Tunaongoza, si Annah huyo anakuja! Nasiri anamwambia rudi kwako! Asingerudi, kombe tungeliona wapi?"

Walicheka mpaka wakashikilia mbavu. Nasiri naye alitabasamu. Annah aliweka glasi yake mezani.

"Nilikuwa nimetoka kupigiwa simu," alisema. "Gakwaya alikuwa amekufa. Nilikuwa nakuja kumwambia Nasiri."

Hakuna aliyecheka tena. Munyaneza alivua kofia yake taratibu.

"Disi, Annah... utubabarire, utusamehe. Sisi hatukujua."

Tabasamu lilimtoka Nasiri. Annah alichukua mkoba wake akaondoka, na huzuni iliyokuwa imelala ikaamka nzima nzima.

Asubuhi simu iliita. Safari hii alipokea.

"Nilijua kaka alifariki wiki ile," Nasiri alisema. "Sikujua ni saa ile. Ulipoacha kupokea simu zangu nikadhani kwenu wamekukataza Mwislamu, nikanuna."

"Hakuna aliyenikataza. Uliniona ninalia, Nasiri."

"Sikuona. Wallahi usoni sikukutazama. Niliona gauni lako linakuja, macho yangu yako golini. Ningekutazama usoni..."

"Ungeiacha ngoma? Timu inaongoza?"

"Sijui," alisema Nasiri. "Natamani kusema ndiyo. Lakini yule Nasiri wa wakati ule, sijui."

Jibu lilimuuma Annah. Lakini hakudanganywa, na kwa hilo alimshukuru moyoni.

"Leo utakuja uwanjani?"

"Nitakuja. Nitakaa kwangu, upande wa barabara," alisema, akakata simu.

Alasiri ile kila mtu alikaa mahali pake pa zamani bila kuambiwa. Annah alivaa kitenge cha zambarau, akajifunga kilemba cha njano. Wazee wa Inkuba walikimbia wakishika viuno, wakapata penalti, wakafunga, na jukwaa likapiga kelele kama enzi zile. Ngoma ililia upande wa pili. Annah alitazama nyasi, akamfikiria kaka yake, akatamani kuondoka.

Ngoma ikanyamaza.

Nasiri alikuwa amesimama. Aliweka vijiti juu ya ngoma, akaanza kulivuka jukwaa.

"Wewe Nasiri! Tunaongoza!"

"Rudi! Rudi kwako!"

Wengine walitania, wengine hawakutania hata kidogo. Annah alilisikia neno lile, akainama. Munyaneza aliinuka, kitambi na vyote, akanyoosha mikono.

"Mwacheni apite!" alipaza sauti. "Sheria niliiweka mimi. Nimeifuta."

Nasiri alifika akaketi pembeni yake. Hakutazama uwanja.

"Pole kwa msiba, Annah," alisema. "Pole sana kwa Gakwaya."

Maneno ambayo kila mpita njia angempa siku ile, na aliyoyasubiri kutoka kwa mtu huyu mmoja. Annah alilia pale mbele za watu, kichwa begani mwa Nasiri, akalia kilio alichokibana tangu getini. Uwanjani ikazuka kelele, kisha miguno.

"Wametusawazishia?" aliuliza, akifuta pua kwa ncha ya kitenge.

"Sijui. Nilikuwa nakutazama wewe."

Annah aliinua macho. Ni kweli, alikuwa anamtazama usoni.

"Nataka kuja kwenu kukuposa," Nasiri alisema. "Na wajomba zangu, kwa heshima zote. Mambo ya dini tutakaa tuyazungumze, hata kama ni magumu. Niambie tu nimwone nani."

"Wa kuombwa ni Gakwaya," alisema Annah. "Twende kwanza makaburini, ukamwambie mwenyewe."

"Twende."

"Mechi haijaisha," Annah alimkumbusha.

Nasiri alikuwa ameshasimama, mkono amemnyooshea.