Silinda Tatu za Aporosi

Haya sikuhadithiwa na mtu. Yalimpata shangazi yangu Vasiti, dada wa baba, hapa hapa Labasa, mji wetu wa miwa huku visiwani, na mimi nilikuwa nimekaa kando yake ndani ya lori.

Asubuhi ilikuwa ya kawaida tu. Tulikunywa chai na mihogo ya kuchemsha, miwa imeshapakiwa. Shamba lilikuwa limeungua moto, na miwa iliyoungua haingoji mtu, inachacha. Shangazi akawasha lori la marehemu babu. Likatoa moshi mweupe, likazima.

Fundi Bisun alifungua injini, akatuonyesha ufa. Injini ile ina silinda sita na vichwa viwili, kila kichwa kinafunika silinda tatu. Cha nyuma ndicho kilichopasuka.

Sote tukatazama uani. Pale lilikuwa lori la aina ileile la Aporosi, mumewe shangazi, tangu livutwe kutoka mtoni na maiti yake ndani. Shemeji yake Waisake, ndugu wa Aporosi, alikuwa amelifunga kitambaa cheusi. Kwetu chombo cha marehemu hakiguswi mpaka usiku wa mia tangu kifo upite, na hata nusu ilikuwa haijafika.

"Dada, mwiko ule," Bisun alinong'ona. "Mimi Mhindi, lakini wafu wenu nawaogopa."

"Na kiwanda kinafunga msimu kesho jioni. Miwa isipofika, Waisake anachukua shamba. Kasema mbele ya ukoo mzima kwamba mwanamke hataliweza. Aporosi alininyima usukani maisha yake yote. Sasa kafa, aninyime na spana? Fungua, kaka."

Bisun akafungua. Vichwa havikulingana. Cha Aporosi kiliwahi kusagwa uso kwa mashine, kikawa chembamba, ikabidi kiwekewe gasketi nene. Alipokiinua, yalimwagika maji ya matope, ya baridi kupita kiasi. Tulikifuta kwa matambara. Kikaendelea kutoka jasho hata kilipofungwa kwenye injini ya babu.

Kesho yake tukaondoka jua likiwa la utosi. Tulipofika kwenye kivuko alikofia Aporosi, silinda tatu za nyuma zikanyamaza. Za mbele zikabaki zinahema peke yake.

Kisha mluzi. Ulitoka ndani ya injini. Niliujua, na shangazi aliujua zaidi. Ndio mluzi ambao Aporosi alikuwa akimwitia mkewe aje amvue viatu.

Usukani ukaanza kuzunguka. Taratibu. Kuelekea mtoni.

"Shangazi, turuke," nilinong'ona.

"Kaa."

Akavuta breki, akashuka. Nyuma ya kiti kulikuwa na chupa ya yakona, kinywaji chetu cha mizizi cha kuwapa heshima wakubwa. Akaimimina bakulini, akaimwaga juu ya boneti, akapiga makofi matatu kama inavyopasa mbele ya mkubwa. Adabu ikaishia hapo.

"Aporosi! Mwiko nimeuvunja mimi. Haki yako hiyo, kunywa. Lakini kuitwa kwa mluzi kama mbwa nimechoka! Silinda za mbele ni za baba yangu, zinanitosha. Vuta, au nyamaza nikubebe kama gunia!"

Mluzi ukakoma. Hata nzi walinyamaza.

Akarudi, akashika usukani kwa mikono miwili, tukaanza kilima kwa silinda tatu. Mimi nilikuwa nalia kwa hofu. Yeye alikuwa anatukana. Karibu na kilele zile za nyuma zikashika zote kwa mpigo, lori likaruka mbele. Tulifika lango la kiwanda likiwa bado wazi. Waisake alikuwa pale akingoja habari mbaya. Alilitazama lori, akaondoka bila salamu.

Usiku wa mia ulipopita, Bisun alileta kichwa kinacholingana na cha mbele. Alipoinua kile cha Aporosi, na cha mbele pia ili avipime pamoja, alituita kwa kidole. Pistoni za mbele zilikuwa nyeusi kwa masizi. Za nyuma zilikuwa safi, zimelowa. Hazikuwahi kuwaka hata mara moja.

"Sasa nani alituvuta?" niliuliza. Bisun alikuwa anarudi kinyumenyume.

Shangazi alizigusa kwa kidole zile zilizolowa. "Kirudishe cha Aporosi," akasema. "Kumbe kazi anaiweza."

Lori linabeba miwa mpaka leo, na shamba ni la shangazi. Kila asubuhi, hata kiangazi, tunakuta matope mabichi ya mto chini ya injini, na nyayo za mwanamume zinazolizunguka lori. Ni za miguu mitupu. Viatu siku hizi anavua mwenyewe.