Hatua za Ayeyo Amran

Ushawahi kuona mtu aliyepooza akitembea kilomita saba? Basi muulize rafiki yangu Ruweyda, mwenye digrii ya takwimu na kibarua cha mwezi mmoja, shukrani kwa serikali.

Mradi fulani wa afya ulimtuma kijijini Balambala. Kompyuta yao yenye akili, sijui nani aliipa, ilidai bangili ya kuhesabu hatua, ile mradi ulimfungia mkononi Ayeyo Amran, nyanya aliyepooza miguu, huhesabu kilomita saba kila adhuhuri. Bosi, ndani ya AC, akaamua: "Fraud hiyo. Wanamvalisha mtu mwingine. Thibitisha, tukate dawa zake."

Ugbad, binti wa nyanya, alicheka kwa hasira. "Abaayo, dada yangu, hiyo bangili haitoki. Funguo iko na wakubwa wako. Mama hajasimama miaka tatu."

Nje jua la adhuhuri lilichoma, lakini kibandani mwa nyanya kulikuwa giza totoro. Ruweyda akaketi kando ya mkeka. Mara bangili ikaanza: tik. Tik. Tik. Kwenye simu yake hatua zikapanda, mia, mia tano, elfu. Nyanya hakutikisa hata kope.

"Wallahi simu imeharibika," Ruweyda alinong'ona.

Mlio ulipokoma, akafunua shuka. Nyayo za nyanya zilikuwa na tope bichi. Mvua haijanyesha tangu mwaka jana, na mto Tana uko kilomita tatu na nusu kutoka pale.

Nyinyi wakubwa, barua pepe zenu za "tunachunguza" tumechoka nazo. Leteni funguo, mumvue mama wa watu hiyo bangili leo, kabla ya adhuhuri. Jana tope lilifika magotini.