Ndoo ya Tope

Kila asubuhi mke wa dereva alisugua sinki, bafu na choo mpaka vikang'aa. Kisha alimimina dawa kali ya kuua vijidudu kwenye kila tundu. Nyumba zote za mtaa ule mpya zilikuwa na tangi chini ya ua. Maji machafu yaliingia humo, yakasafishwa, yakatoka kwenye bomba la kijani kwa ajili ya bustani na choo.

Lakini bomba lake lilinuka. Alipoongeza dawa, likanuka zaidi. Mama mkwe, aliyekuja kuishi nao, alifunga mkoba. Alisema harufu inamkaba kifua, hivyo Jumamosi atarudi kwa binti yake. Mke wa dereva alimpenda mama huyu, na roho ilimuuma.

Kilichomchanganya kabisa ni jirani yao mshonaji. Yule vyombo vyake hulala kwenye sinki, na choo huosha akikumbuka. Bomba lake halikunuka hata kidogo, na nyanya zake zilistawi.

Akamwita fundi wa matangi. Fundi alifunua mfuniko, akachungulia, akauliza anamimina nini. Akaonyeshwa chupa.

"Dada, ndani ya tangi wanaishi vijidudu wasioonekana kwa macho. Kazi yao ni kula uchafu. Dawa yako imewaua."

"Kwa hiyo usafi wangu ndio unaoleta uvundo?"

"Usafi hauna kosa. Tumia sabuni kidogo. Usimimine dawa kali wala mafuta ya kupikia. Na maji ya bomba la kijani hayanywewi, hata yakiwa maangavu."

"Na waliokufa?"

"Tutaweka wengine. Kaombe ndoo moja ya tope la tangi la jirani. Limejaa vijidudu hai."

Mke wa dereva alijiuliza. Yeye aliyemsema mshonaji mtaa mzima, leo akambishie hodi kumwomba uchafu? Akaenda hivyo hivyo. Mshonaji alicheka mpaka machozi, kisha akakubali. Fundi akavaa glavu, akachota.

Mama mkwe aliwaona wakirudi na ndoo.

"Umekwenda kuomba tope kwa ajili yangu, mwanangu?"

"Ndiyo, mama. Sijaelewa vizuri, lakini nimeomba."

Jumamosi ilipofika, harufu bado ilikuwepo. Mama mkwe alifungua mkoba, akarudisha nguo zake kabatini. Baada ya wiki tatu uvundo ulikwisha, na yeye ndiye aliyemwagilia nyanya za nyumba zote mbili.