Mwari Hajibu

"Ukiulizwa, nyamaza," Mwaisha alimwambia mdogo wake huku akimpaka wanja. "Mwari hajibu. Akinyamaza, ndiyo amekubali."

"Namkubali Mansuri," Raya alisema.

"Si ndiye huyohuyo Mansuri anayekuoa. Wewe nyamaza tu."

Mwongo mkubwa. Sisi majirani wa Mkuyuni tuliokaa pale mkekani tulijua, tukajifanya kutazama pembeni. Siku hiyo Raya alikuwa anaozwa kwa Stambuli, mzee wa mashine za kusaga kule Kihonda. Enzi zile za ruksa, biashara zilipoachiwa huru, kila mjanja alikuwa anatajirika, na Stambuli alitaka mke wa kubeba magunia asiyeuliza faida imekwenda wapi. Raya akili yake ilikuwa nzito, lakini mwili una nguvu. Mwaisha naye alishaahidiwa kibanda sokoni. Dada wa tumbo moja, jamani.

Na Mansuri? Ndiye aliyemrubuni Raya mwaka mzima kule kisimani. "Wewe si zuzu, Raya. Wewe ni wangu," alikuwa akimwambia. Raya alitusimulia wote, hata ambao hatukumuuliza.

Shehe akaingia na mashahidi wawili, akachuchumaa karibu na pazia la mlango.

"Raya binti Salum, unaniruhusu nikuozeshe kwa Stambuli bin Kibwana?"

Kimya. Mwaisha akashusha pumzi.

"Amenyamaza, shehe. Mwari ameridhia."

"Umesema Stambuli," Raya alisema taratibu, kama anavyosema siku zote. "Mchumba wangu ni Mansuri. Stambuli simtaki."

"Shehe, msamehe. Huyu ni taahira, hajui anachosema."

"Najua. Mwiteni Mansuri. Yuko nje, nimemsikia anacheka."

Shehe akaagiza Mansuri aitwe. Akaja amevaa koti jipya la mtumba. Mkuyuni nzima ilijua kwamba Stambuli alimpa belo zima la mitumba ili aachane na Raya.

"Mansuri, waambie," Raya alisema. "Waambie ulichoniambia kisimani."

Mansuri akacheka.

"Shehe, na wewe unasikiliza haya? Mimi nimuoe huyu? Nilikuwa namtania tu. Si mnamjua wenyewe alivyo?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Raya alilia mpaka wanja ukamchirizika mashavuni. Iliniuma, maana alilia akiwa anamtazama Mansuri tu, kama vile bado anamsubiri amalize mzaha. Kisha akajifuta kwa kiganja.

"Basi na wewe sikutaki," alimwambia.

Shehe akainuka.

"Hapa hakuna ndoa. Ameulizwa, amekataa, na mimi nimesikia."

Huko nje Stambuli aliposikia, alimvua Mansuri lile koti mbele ya watu na kutaka belo lake lirudishwe. Ndani, Mwaisha alimpokonya Raya shela.

"Nani atakuoa sasa, zuzu wewe? Kwangu hulali leo. Toka."

"Sijui nani, dada. Nimeulizwa mimi, nimejibu mimi."

Akachukua kanga zake, akazitia kwapani, akatoka uani palipojaa wageni wa harusi yake. Hakuna aliyesogea.

"Nipisheni," Raya alisema.

Tukampisha.