Pazia la Twiga

Mama Twiga alikuwa mpiga pasi katika dobi, nyumba kubwa ya kufulia nguo nyuma ya soko. Mashuka ya nyumba za wageni, mashati ya walinzi, sare za wauguzi, vyote vilifika mbele yake vimekunjamana, vikaondoka vimenyooka. Jioni yeye ndiye aliyekuwa amekunjamana. Miguu ilimwaka moto. Mgongo ulimuuma. Koo lilikuwa kavu kwa sababu ya joto la pasi.

"Nguo za watu zinanyooka, mimi najikunja," alizoea kuwaambia wenzake. Wote walicheka, maana wote walikuwa wamejikunja vilevile.

Mume wake aliendesha lori la safari ndefu. Akirudi leo, keshokutwa hayupo. Nyumbani Mama Twiga aliishi na mabinti wawili. Mkubwa aliitwa Twiga kwa sababu alirefuka ghafla, akawa kama miguu tu. Mdogo aliitwa Kasuku. Mdomo wa Kasuku haukujua likizo. Alisema akila, alisema akioga, na hata usingizini aliendelea na hadithi zake. Wasichana hao walilala chumba kimoja, kitanda kimoja.

Siku Twiga alipotimiza miaka kumi na mitano, Mama Twiga alitoka kazini akiwa hoi. Alipita kwenye kibanda cha mapambo kando ya barabara.

"Nataka zawadi ya binti," alisema.

"Wa umri gani, mama?"

"Kumi na mitano."

"Basi chukua hili. Wasichana wa rika hilo wanapagawa nalo!"

Muuzaji alishusha boksi la rangi ya waridi. Ndani mlikuwa na taa ndogo yenye umbo la moyo, rangi ya kucha, bangili na hedifoni. Kila kitu kilikaa ndani ya plastiki yake. Muuzaji alilifunga boksi kwa karatasi ya kumetameta, akalifunga utepe, kisha akalitia ndani ya mfuko mwingine. Mama Twiga hakuuliza lolote. Alitaka tu kufika nyumbani akae chini.

Twiga alilifungua boksi polepole. Kasuku alirukaruka pembeni.

"Asante, mama," Twiga alisema. Alisema kwa adabu, kama mtu anayemshukuru mgeni.

Kasuku alibonyeza taa. Moyo ukawaka mwekundu. Kabla hawajamaliza kula, ukapepesa na kuzimika.

"Umelala," alisema Kasuku.

Hakuna aliyecheka.

Siku yake ya mapumziko, Mama Twiga alifagia chumba cha wasichana. Ufagio ukagonga kitu chini ya kitanda. Aliinama, akavuta gunia. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani.

Alilifungua. Juu kulikuwa na ile taa ya moyo. Chini yake kulikuwa na saa iliyosimama. Mkoba wa ngozi bandia uliobambuka kama ukuta wa zamani. Hedifoni zilizokatika waya. Mdoli wa kuimba ambaye hakuimba tena. Viatu vyenye taa, vidogo mno sasa kwa miguu ya Twiga. Mama Twiga alivijua vyote. Kila kimoja alikinunua yeye, jioni, akiwa amechoka.

Twiga aliingia na ndoo ya maji. Alipoliona gunia, alisimama.

"Mbona umevificha hivi?" mama aliuliza.

"Sikuvificha. Nimeviweka tu."

"Lakini vimekufa vyote! Kwa nini hukuvitupa?"

Twiga alitua ndoo chini. "Ningevitupaje, mama? Unarudi umechoka, bado unanikumbuka. Niliogopa utaniona sina shukrani."

Aibu ilimpanda Mama Twiga, na aibu ilipopanda, ikageuka hasira. Hakujua amkasirikie nani. Alilikokota gunia hadi uani, akalimwaga chini, akaenda kutafuta kiberiti.

"Jirani! Jirani, usiwashe!"

Aliyeita alikuwa Bi Mizani, mwanamke wa nyumba ya pili. Alikuwa akianika nguo kwenye kamba. Watu walimwita Bi Mizani kwa sababu alipima mizigo kwenye yadi ambako chupa, makopo na vyuma chakavu vilichambuliwa. Alizunguka ukuta mbio, kibanio cha nguo bado kipo mkononi.

"Ni takataka tu," alisema Mama Twiga. "Acha ziungue, nipumzike."

Bi Mizani alikichomeka kibanio kwenye kanga. "Hutapumzika, dada. Plastiki ikiungua, moshi wake ni sumu. Utaingia kwako na kwangu, na hao watoto ndio wataukohoa. Halafu humu mna betri. Betri ikipata moto inaweza kupasuka ikakurukia usoni."

"Basi nizifukie."

"Betri ikifukiwa inaoza, sumu yake inaingia kwenye udongo na maji. Zitoe zote. Nitazipeleka yadi. Tunaziweka kwenye pipa lake, na gari maalumu huja kuzichukua."

Walikaa chini, wakaanza kuchambua. Mama Twiga aliegemea ukuta kidogo, miguu ameinyoosha. Bi Mizani alishika saa, akaigeuza.

"Hii haijafa. Inataka betri mpya tu. Na hizi hedifoni, fundi redio ataunga waya. Viatu havina tatizo, mpe Kasuku akue navyo." Kisha aliokota mkoba, akaupapasa. Vipande vya ngozi bandia vilibaki mkononi mwake. "Huu ndio mwisho wake. Hauungiki, hauyeyushwi, hauna mnunuzi. Na hii karatasi ya kumetameta nayo ni vivyo hivyo. Si karatasi, si plastiki, ni vyote pamoja. Baada ya sikukuu yadi yetu hujaa hizi. Tunazihamisha tu kutoka lundo moja kwenda jingine."

"Dukani vilikuwa vizuri," alisema Mama Twiga kwa sauti ndogo.

"Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti."

Mama Twiga alitazama lundo lile. Macho yalimchoma. "Bi Mizani, mimi sina muda. Ninatoka kazini hata jina langu nimelisahau. Ningefanya nini? Nisimpe mtoto zawadi?"

"Nani kasema usimpe? Mpe. Lakini kabla ya kununua, jiulize. Atakitumia kila siku, au siku ya kwanza tu? Kikiharibika, kuna fundi wa kukitengeneza? Na kikifa kabisa, kitakwenda wapi? Zawadi si lazima iwe mpya. Si lazima hata iwe kitu. Dada yangu alimlipia mwanawe mafunzo ya kushona. Kwenye mafunzo hakuna cha kutupa, labda nyuzi."

"Wa kwangu hata sijui anapenda nini."

"Basi muulize."

"Nikimuuliza, zawadi itakuwa zawadi tena?"

"Mtoto mdogo unamshtukiza. Huyu amekuwa mkubwa. Ukimshtukiza, unashtuka wewe." Bi Mizani alicheka, akanyanyuka. "Kuuliza si ujinga, jirani."

Jioni ile Twiga alikuwa jikoni akichambua maharage. Mama yake alivuta kigoda, akakaa karibu.

"Twiga, boksi lile halikuwa zawadi. Lilikuwa uchovu wangu. Niambie, ungependa nini hasa?"

Twiga aliendelea kuchambua. Alitupa jiwe dogo, kisha jingine.

"Utakasirika."

"Sitakasirika."

"Pazia."

"Pazia la dirisha?"

"Hapana. La kugawa chumba. Ninataka upande wangu. Nibadilishe nguo bila Kasuku kunihesabu mbavu. Nisome. Nikae tu, nisionwe na mtu."

Mama Twiga alikuwa ameahidi kutokasirika, na hakukasirika. Aliumia. Miaka yote alileta vitu nyumbani ili awe karibu na mtoto wake. Sasa mtoto anaomba kitu cha kuwatenga.

"Nimesikia," alisema tu, akaenda kulala mapema.

Asubuhi alimkuta Bi Mizani akifunga mlango kwenda yadi. Wakafuatana njiani. Mama Twiga alimweleza yote.

"Ananikimbia, Bi Mizani. Mtoto wangu ananifungia mlango."

"Mlango gani? Ni kitambaa!" Bi Mizani alipunguza mwendo. "Sikiliza. Mwili wake umebadilika na mawazo yake yamebadilika. Umri huo kila mtoto anataka mahali pa kujificha kidogo. Ukimnyima, atapatafuta nje, na huko nje hujui atafika kwa nani. Ukimpa ndani ya nyumba yako, umebaki naye. Wewe ulipokuwa na umri wake ulijificha wapi?"

Mama Twiga alifikiri. "Chooni," alisema.

"Basi, mwenzako anakuomba pazuri zaidi."

Mama Twiga alicheka. Alikuwa hajacheka njiani kwenda kazini kwa muda mrefu.

Katika dobi, nyuma ya mashine, kulikuwa na rundo la mapazia mazito. Nyumba moja ya wageni ilibadilisha rangi ya vyumba vyake, ikayakataa. Yalikuwa yamepauka ukingo mmoja tu, upande uliopigwa na jua. Yalingoja kukatwakatwa yawe matambara ya kufutia sakafu. Mama Twiga alimwendea msimamizi.

"Naomba moja la hayo, bosi. La binti yangu."

"Chukua. Lakini yamechujuka, mama."

"Nitakata palipochujuka."

Alitaka kulibeba siku hiyohiyo. Alishachagua jekundu. Halafu akakumbuka kwamba hakuuliza. Akalirudisha kwenye rundo.

"Naweza kumleta achague mwenyewe?"

Jumamosi Twiga alikuja baada ya shughuli za nyumbani. Hakuwa amewahi kuingia ndani ya dobi. Mlangoni joto lilimpiga usoni, akarudi nyuma hatua moja. Mvuke ulitanda kila mahali. Mashine zilinguruma. Mama yake alisimama mbele ya meza ndefu, uso unatiririka jasho, akigeuza shuka, akinyoosha, akikunja, akivuta jingine. Kwenye mkono wake kulikuwa na alama nyeusi za kuungua. Twiga aliziona kila siku nyumbani. Alidhani ni za jikoni.

"Unasimama hapa kutwa nzima?" aliuliza.

"Saa ya chakula ninakaa."

Twiga alizitazama tena zile alama. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Akaenda kwenye rundo, akapekua. Jekundu aliliruka bila hata kulitazama. Alivuta la kijani, zito, lenye rangi ya majani mabichi.

"Hili, mama."

"Jekundu hulitaki?"

"Jekundu? Hapana!"

Mama Twiga akashukuru moyoni kwamba aliuliza.

Walilifua pale pale. Twiga akalishika ncha moja, mama ncha nyingine, wakalikamua. Kisha mama alilipiga pasi baada ya muda wa kazi, kwa kituo, kama pazia la mtu mkubwa. Nyumbani walikata ukingo uliopauka. Twiga alishona pindo kwa mkono. Mishono ya mwanzo ilikwenda huku na huku, ya mwisho ikanyooka. Bi Mizani alileta bomba jembamba la chuma kutoka yadi, akawaonyesha jinsi ya kulikaza ukutani. Hakuna aliyehitaji ngazi. Twiga alinyoosha mikono tu, akalifunga juu.

"Faida ya kuwa twiga," alisema.

Zawadi hii haikufungwa kwa karatasi wala utepe. Baada ya kazi, kilichobaki sakafuni kilikuwa vipande vya nyuzi na kile kipande kilichopauka. Mama Twiga alikichukua kwenda kufutia meza.

Kitanda walikipeleka upande wa Kasuku. Upande wa dirisha, Twiga alitandika godoro jembamba la baba yake, alilojinyooshea mchana akiwa nyumbani kwa siku zake chache. Baba alipopiga simu na kuulizwa atalala wapi, alisema, "Mimi nitalala na mama yenu, kwani mnadhani ninalala wapi?" Wote wakacheka. Kasuku yeye hakufurahi siku ya kwanza. Siku ya pili aligundua kwamba kitanda kizima ni chake, akaanza kulala kama nyota, mikono huku, miguu kule.

Jumatatu Mama Twiga alirudi kazini. Nguo zilikuwa nyingi kuliko kawaida. Alirudi nyumbani akijikokota, kama siku zote. Pazia halikumwondolea uchovu. Alivua viatu mlangoni, akaelekea chumba cha wasichana kuwaangalia, kama alivyozoea kuingia bila kufikiri.

Pazia la kijani lilikuwa limefungwa. Nyuma yake taa iliwaka, na kurasa za kitabu zilisikika zikifunuliwa.

Mkono wake ulikuwa tayari umefika kwenye kitambaa. Akauzuia. Alisimama pale, ndani ya nyumba yake mwenyewe, akatafuta neno.

"Hodi," alisema.

Nyuma ya pazia kitabu kilifungwa. Kisha pete za pazia zikalia juu ya bomba, pazia likafunguka nusu, na Twiga akasogea kwenye godoro ili kuacha nafasi.

"Karibu, mama. Kaa. Nyoosha miguu."

Mama Twiga aliinama, akaingia.