Spika za Owiti

Jua lilikuwa linaelekea kuzama Nestory alipopanda njia ya mawe kwenda Igogo juu, gunia tupu begani na kamba mkononi. Alikuwa anafuata spika. Hakuwa na jambo jingine la kumpeleka kule.

Nestory alikuwa mpiga muziki wa kukodiwa. Miaka ile biashara imefunguliwa, maduka ya katikati ya mji wa Mwanza yamejaa redio kaseti kutoka Dubai, na hapakuwa na harusi wala kipaimara bila muziki mkubwa. Ampulifaya ya kukuzia sauti alikuwa nayo, tena nzuri. Spika ndizo zilizokuwa zinamwaibisha. Kwenye harusi ya mwisho, bibi harusi akiwa ndiyo kwanza anaingia, spika moja ilianza kukoroma na nyingine ikalia kama inzi aliyenaswa ndani ya chupa. Watu walicheka. Mshereheshaji akaacha kipaza sauti, akawaomba akina mama kwa mdomo mtupu wamsaidie kwa vigelegele. Nestory aliinama nyuma ya meza akijifanya anatafuta waya, akabaki ameinama hapo mpaka magoti yakamuuma. Siku ile alirudi nyumbani kwa vichochoro.

Spika mpya hakuziweza. Alizunguka kwenye mitumba, kwenye magereji, kwa mafundi, akakuta koni za karatasi zilizoliwa na panya na sumaku zilizoachia. Mwisho Obedi, fundi redio mwenye kibanda karibu na daraja la Mirongo, akamdokeza.

"Kuna za marehemu Owiti. Ziko Igogo kwa mama yake. Alizichonga mwenyewe, mbao ya mvule. Ila yule mama haziuzi."

"Hajapata mtu wa kuzungumza naye vizuri," alisema Nestory.

Sasa alikuwa mlangoni kwa yule mama, Mama Roza. Mlango ulikuwa wazi. Chumba kilikuwa na giza la mapema, na kilinuka maji ya ziwa, ingawa ziwa lilikuwa mbali kule chini. Mama Roza alikuwa ameketi mkekani, ubavu wake umeegemea sanduku moja la spika. Sikio alikuwa amelibandika kwenye kitambaa cha mbele, macho ameyafumba, kama mtu anayesikiliza tumbo la mjamzito.

Redio haikuwepo. Waya za spika zilikuwa zinaning'inia ukutani, hazijaunganishwa na kitu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu ndani."

Nestory aliketi, akaeleza shida yake. Mama Roza alitikisa kichwa kabla hajamaliza. Wengi wamekuja, alisema, na wote amewajibu hivyo hivyo. Haziuzi.

Nestory aligonga ubavu wa sanduku kwa kifundo cha kidole. Lilijibu kwa sauti nzito, imeshiba. Mbao haikuwa na ufa. Wufa, ile spika ya besi, ilikuwa pana kama sinia. Tamaa ikamshika. Akakumbuka kile kicheko cha harusini, na mdomo wake ukafunguka wenyewe.

"Mama, mimi na Owiti tulikuwa marafiki. Yeye mwenyewe aliniambia, ikitokea nimetangulia, spika zangu nenda ukazichukue."

Haukuwa ukweli. Owiti alikuwa mvuvi mwenye kibanda cha pombe kule chini, na Nestory alikuwa akimwona kwa mbali tu. Hata salamu hawakuwahi kupeana.

Mama Roza alimgeukia.

"Alikwambia lini?"

"Siku chache kabla hajaingia ziwani."

"Akasema nini kingine?"

Hapo angeweza kunyamaza. Hakunyamaza.

"Alisema nikusalimie. Alisema, mama yangu umsalimie sana, mwambie asiwe na wasiwasi."

Uso wa yule mama ulifunguka. Machozi yalimtoka bila sauti, huku anatabasamu. Kwa kunong'ona akamweleza kwamba mtumbwi wa sangara ulipinduka ng'ambo ya kisiwa cha Kome na mwanawe hakuonekana. Ndugu wa mkoani Mara walizika tunda la mwegea badala ya mwili, kama ilivyo desturi yao, wakamwambia yamekwisha.

"Tangu siku ile sijapata neno lake hata moja," alisema. "Leo umeniletea. Kama ni yeye aliyesema uzichukue, mimi siwezi kumkatalia."

Alimsaidia kufunga kamba kwa mikono yake mwenyewe. Mlangoni akamshika mkono.

"Usizifungue," alinong'ona. "Ziache alivyoziacha. Na siku utakapozipiga, niite nije nisikie."

Nestory alikubali yote mawili. Akashuka na mzigo wake huku masikio yanawaka moto, akijiambia kwamba hakumdhuru mtu. Si amemfurahisha mama wa watu?

*

Alizifungua alasiri ya siku ya pili, chini ya upenu wa nyumba yake, mkewe Modesta akichambua mchele pembeni. Hakuna mpiga muziki anayeweka spika kuukuu kazini bila kutazama ndani. Lehemu inaoza. Gundi inaachia. Na Nestory alitaka besi ya kutikisa mabati.

Alianza na ile moja. Ndani yake mlikuwa na utando wa buibui tu. Akahamia ya pili, ile aliyoikuta imeegemewa na Mama Roza. Skrubu ya mwisho ilipotoka, sanduku lilishusha pumzi.

Hhhhh...

Harufu ikamfuata usoni. Tope. Majani ya ziwani. Samaki aliyelala juani.

Ndani, mahali pa kuwekwa pamba ya kutulizia mwangwi, palikuwa na shati la mwanamume. Lilikuwa limekunjwa vizuri na kufungwa kwa kamba ya katani. Nestory aliligusa, akarudisha mkono haraka.

Lilikuwa limelowa.

Halikuwa na unyevu tu. Lilikuwa limelowa chepechepe, linachuruzika, ndani ya sanduku la mbao kavu.

"Hiyo nguo ya nani?" Modesta aliuliza. Mikono yake ilikuwa imesimama juu ya ungo.

"Tambara. Walijazia tu."

"Lirudishe, Nestory."

Hakulirudisha. Alilinyanyua kwa kijiti, akalibeba hivyo mpaka mto Mirongo, akalitupa pamoja na takataka za sokoni. Lilielea kidogo, mikono imetanuka, kisha likazama.

Akarudi kwenye kazi, na kazi aliifanya kwa moyo. Alichoma waya upya kwa lehemu. Alibadilisha kapasita za twita, vile vispika vya sauti nyembamba. Kila ufa wa pembeni aliuziba kwa gundi ya mbao iliyochanganywa na vumbi la msumeno. Akajaza pamba safi aliyoipata kwa jamaa wa kwenye kiwanda cha pamba, akatoboa tundu la hewa mbele na kulivisha kipande cha bomba la maji. Kisha akaweka kaseti.

Majirani walitoka ndani ya nyumba zao. Gitaa lilisikika kila uzi peke yake. Besi iliingia tumboni kama chakula. Watu walimpa mkono Nestory, na ile aibu iliyomlalia kifuani tangu harusini ikayeyuka.

Kaseti ilipokwisha, alizima ampulifaya. Watu wakaondoka. Alipokuwa anafunga waya aliona kitu kwenye ile spika ya pili. Akaweka kiganja juu ya koni.

Ilikuwa inatembea.

Inaingia... inatoka. Inaingia... inatoka. Polepole, kama kifua cha mtu aliyelala.

Alichomoa waya. Koni haikusimama.

Ni upepo, alijiambia. Unaingia kwenye lile tundu nililotoboa. Akafunika spika kwa shuka, wala hakumwambia Modesta.

*

Mzee Chenge wa Mirongo alikuwa anamwoza binti yake. Turubai lilifungwa uani, Nestory akapanga spika zake huku na huku, na tangu mchana muziki ulikuwa mzuri kiasi kwamba watu walikuwa wanakuja kuuliza amezitoa wapi. "Nimezitengeneza mwenyewe," aliwajibu. Hakuwa amemwita Mama Roza. Alijiambia kuwa amesahau.

Jua likashuka. Mzee Chenge akasimama atoe nasaha kwa maharusi. Nestory alisimamisha kaseti. Uani pakatulia.

Kwanza yalisikika maji.

Kidogo tu, kama ziwa linapolamba mawe. Mzee Chenge alikitazama kipaza sauti chake, akakigonga. Kilikuwa kimezimwa.

Kisha ikasikika pumzi. Nzito, ya kukwama, kama ya mtu aliyetolewa majini sasa hivi. Ilitoka kwenye ile spika ya pili. Ile harufu ya tope ikapita chini ya turubai, na mtoto mmoja akaanza kulia.

"Sikusema..."

Nestory alizungusha kitufe cha sauti mpaka sifuri. Sauti haikupungua.

"Nestory... sikukujua. Sikusema."

Vichwa viligeuka, kimoja baada ya kingine, vikamtazama. Alitaka kuinama nyuma ya meza kama siku ile. Mwili ulikataa.

Mwanamke mmoja alitoka pembezoni mwa turubai. Alikuwa amejifunga kitenge kizuri, kama mtu anayekwenda kanisani. Alikuwa Mama Roza. Alikuwa amesikia mjini kwamba spika za mwanawe zinapigwa leo, akaja mwenyewe bila kuitwa. Alipita katikati ya viti, akapiga magoti mbele ya spika, akazungumza nayo Kijaluo kwa sauti ya chini. Halafu akauliza kwa Kiswahili, na kila mtu alisikia.

"Hukusema nini, mwanangu?"

"Azichukue... sikusema."

Nestory alizing'oa waya zote. Taa nyekundu ya ampulifaya ikafa. Alikuwa amesimama na waya mkononi, shaba inang'aa kwenye ncha zake, spika ilipoongea tena.

"Mama. Huku kuna baridi."

Halafu kimya.

Hakuna aliyecheka. Nestory angetoa chochote ili wacheke. Mzee Chenge alimsogelea, akamwambia sikioni, bila hasira, "Toa vitu vyako kwangu. Taratibu."

*

Asubuhi alikwenda kwanza kwa Obedi. Fundi alimsikiliza, akasema hayo si mambo mapya. Boti za bandarini zinaongea kwa redio koli, na waya mrefu wa spika hunasa mawimbi. Hata ukizima, ndani ya ampulifaya hubaki umeme kidogo.

"Na jina langu?" Nestory aliuliza. "Redio koli inalijua jina langu?"

Obedi alirudi kuinamia lehemu yake.

Basi akazibeba spika, moja baada ya nyingine, mpaka Igogo juu, mchana kweupe, watu wakimtazama. Habari ilikuwa imetangulia. Mama Roza alimpokea bila neno baya, na hilo lilimuumiza kuliko tusi. Alimwonyesha pa kuziweka, akamkaribisha mkekani.

"Kwa hiyo hakukwambia uzichukue," alisema.

"Hakuniambia, mama. Hatukuwa tunajuana."

Yule mama alikunjakunja pindo la kitenge chake. Ilionekana kuna jambo anaogopa kuliuliza.

"Hata ile salamu?"

Nestory alitazama miguu yake. Alitamani sana kudanganya, safari hii kwa huruma.

"Hata ile salamu. Niliitunga."

Mama Roza alitikisa kichwa polepole.

"Ilikuwa salamu nzuri," alisema.

Kisha akamweleza habari ya shati la Owiti. Mtu wa kwao Mara alikuja na kulitandaza juu ya jiwe, ufukweni, akamwita Owiti kwa jina tangu asubuhi. Jioni shati lilikuwa limelowa, na hakuna wimbi lililolifikia. Yule mtu akasema, amekuja, mtafutieni mahali anapopapenda akae. Ndipo wakalikunja shati, wakamweka ndani ya spika. Tangu hapo kila jioni alikuwa anasikia pumzi yake. Maneno hakuwahi kusikia, pumzi tu, na ilimtosha.

"Shati liko wapi?" aliuliza, kidole kwenye lile tundu jipya la mbele.

"Nililitupa mtoni."

Mama Roza aliinamia ile spika, akaweka sikio, akasikiliza. Akajiondoa.

"Humu hamna mtu."

Akanyanyua uso ili amwambie Nestory jambo jingine. Macho yake hayakutua kwa Nestory. Yalipita juu ya bega lake, yakasimama pale.

Chumba kikajaa harufu ya tope.

Mama Roza alisogea taratibu, akaacha nafasi mkekani, akaipapasa kwa kiganja kama anavyokaribishwa mgeni. Alisubiri. Kisha mkono wake ukalegea.

"Namwita, haji," alinong'ona. "Amesimama nyuma yako. Anakutazama wewe tu."

Nestory hakugeuka. Alihisi tone la maji baridi likianguka kwenye shingo yake, likateremka ndani ya kola.

Siku hizi hapigi muziki. Ampulifaya aliiuza. Modesta hupangusa maji nyuma ya kiti cha mumewe bila kuuliza yametoka wapi. Na kila jioni, watu wa Igogo humwona akipanda ile njia ya mawe, kichwa chini, kwenda kwa Mama Roza. Haendi kuongea. Anaketi mkekani na kunyamaza, ili yule mama apate kumtazama mwanawe. Mama Roza humsimulia Owiti habari za siku hiyo, macho yakiwa juu ya bega la Nestory. Mara nyingine hunyamaza katikati, akasikiliza, akacheka kidogo kama aliyejibiwa.

Nestory hasikii chochote. Kola yake hulowa, naye hungoja yule mama amalize.